Sauti Ikichelewa Njiani

Chelangat mwanangu,

Nakusikia huko chumbani ukibishana na zipu ya sanduku. Umekataa nikusaidie, nami nimekubali kukataliwa, nimekuja kuketi hapa mezani kando ya kompyuta. Kesho asubuhi nyumba itajaa watu. Shangazi yako atakuwa hapa, na majirani, na wale wa kanisa wanaotaka kuomba kabla gari halijaondoka, nami mbele ya watu huwa sina maneno. Nikishikwa mkono na kuambiwa "Mzee, sema kitu kwa msichana," nitasema asanteni kwa kuja, basi. Kwa hiyo nasema hapa. Utaisoma barua hii ukifika India, ama utaifungua ndani ya ndege, maana nakujua.

Sitakuambia habari ya chakula wala sweta. Shangazi yako ameshayasema yote, na mengine ameyasema mara mbili.

Nataka kukujibu neno uliloniuliza juzi ukiwa umesimama mlangoni na taulo kichwani. Uliniuliza, "Baba, na mimi nikienda, nani atakaa na wewe kwa hii mashine?" Nikakutania kwamba nitamwita paka wa jirani. Hukucheka. Ukasema chuo kinakubali mtu aahirishe hadi mwaka ujao, ukaingia ndani kabla sijapata jibu. Tangu juzi nimekuwa nikishona na neno hilo kichwani, hata nikaweka mfuko wa shati upande wa kulia. Mwenye shati atafikiri ni mtindo mpya.

Jibu ninalo, lakini ni lazima nianzie mbali kidogo.

Mama yako alipotuacha mwaka jana, kaka yako Kemoi hakuweza kuja kumzika. Karatasi zake za Kanada zilikuwa hazijakamilika, na kama angetoka hangeruhusiwa kurudi. Watu wetu wa Olenguruone walielewa kwa mdomo. Kwa macho hawakuelewa. Mimi nilijiambia nimeelewa, na nilikuwa natembea na ile imani yangu kama mtu aliyevaa kiatu chenye msumari na kusema ni kizuri.

Halafu mwanzo wa mwaka huu, kwa vurugu za baada ya uchaguzi, barabara zikafungwa, kadi za simu zikakosekana madukani, na Kemoi akakaa huko mbali bila kujua kama sisi hapa mtaa wa Section 58 tuko hai. Njia ilipofunguka, jambo la kwanza alilosema ni tuweke mtandao ndani ya nyumba, tusiwe tena watu wa kutafuta kadi. Unakumbuka tulivyoileta hii kompyuta. Mama Jasbir, mke wa mwenye duka la vitambaa ninaposhonea pale barazani, alikuwa amenunua mpya, akanipa hii ya zamani na kitambaa cha kuifunika, kile chenye maua. Wewe ukaunganisha ile modemu ya antena. Siku ya kwanza uliniketisha hapa, ukanivalisha hedifoni kama mtoto anayevalishwa kofia, ukasema, "Ongea, Baba. Anakusikia."

Hakuwa ananisikia. Wala mimi sikumsikia. Sauti ya Kemoi ilikuja vipande vipande, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya tangi la maji, na uso wake ukaganda mdomo ukiwa wazi. Nikamwita jina. Baada ya muda nikajisikia mwenyewe nikiita jina, kutoka upande wa pili. Nakumbuka niligeuka kuangalia nyuma yangu.

Majuma yaliyofuata mimi na wewe tulikuwa mafundi. Tuliihamisha modemu kutoka sebuleni hadi dirisha la jikoni, kwa sababu ulisema ukuta wa upande huu unaizuia na kule inauona mlingoti wa mtandao ulio mlimani Menengai bila kizuizi. Siku moja uliporudi kutoka kanisani ulinikuta nimehamisha modemu tena, nimebadilisha waya, nimezima na kuwasha kila kitu, yote kwa mpigo, na sauti imekuwa nzuri kidogo. Nilikuwa nimejivuna. Ukaniuliza, "Ni gani ilisaidia?"

Nikasema zote.

"Aki Baba! Kitu kimoja, unajaribu. Kingine, unajaribu. Sasa ikiharibika tena tutaanzia wapi?"

Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Nilikuambia hivyo ukiwa mdogo, uzi ulipokuwa ukikatika kwenye cherehani yangu nawe ukakaza kila skrubu uliyoiona. Mama yako alikuwa pale akichagua maharagwe. Alisema, "Mwache, ni wewe mwenyewe kabisa." Sikujua kama alikuwa ananisifu.

Mama Jasbir ndiye aliyetuambia habari ya picha. Huongea na dada yake aliye Uingereza kila Jumapili, na alikuja na chevda, vile vitafunio vyao vya kukaanga, kwenye karatasi, akatukuta tunaikodolea macho sura ya Kemoi iliyoganda.

"Baba Kemoi, zima hii picha."

"Lakini nataka kumwona, Mama."

"Wewe unaona nini? Unaona meno tu. Hii njia yetu ni nyembamba, picha na sauti wanasukumana mlangoni. Sauti kwanza. Sura utaona siku ya harusi yake."

"Na asipooa?"

"Basi wewe tafutia yeye bibi. Lakini picha zima."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tukaizima, na kweli sauti ikapata nafasi. Mwangwi nao ukaisha Kemoi alipoacha kutumia spika na kuvaa hedifoni kama mimi.

Bado kila jioni sauti ilikuwa inazama ghafla katikati. Wewe ukalaumu mvua, mimi nikalaumu kompyuta kuzeeka. Mpaka siku ile nilipouona waya mwingine umechomekwa kwenye modemu, nikaushika kwa mkono, nikaufuata sakafuni, chini ya mkeka, chini ya mlango wako, mpaka kwenye laptopu uliyoazima kwa rafiki yako. Ilikuwa inavuta nyimbo kutoka mtandaoni.

"Ni moja tu, Baba."

"Wimbo mmoja unameza kaka yako mzima?"

Ulichomoa waya. Nakuambia haya si kwa kukukumbusha kosa. Nakukumbusha kwa sababu wakati ule nilikuwa na furaha, mara ya kwanza tangu mama yako aende. Kulikuwa na kitu kimeharibika ndani ya nyumba, na kilikuwa cha kutengenezeka.

Basi tukafika mahali ambapo sauti ya Kemoi ilikuwa safi. Ilikuwa inachelewa tu. Nikisema neno, linakaa kidogo njiani, ndipo linamfikia, na lake hivyo hivyo. Ulinieleza kwamba mtandao wetu huku unapanda mpaka kwenye satelaiti kisha unashuka upande ule. "Hiyo ni umbali, Baba. Hiyo hata tukihamisha modemu mpaka mtaa wa Free Area haitatoka." Nikakubali. Umbali naujua. Nikaona kazi ya ufundi imeisha.

Hapo ndipo Kemoi alipoanza kunikatia simu.

Wewe hukuona mwanzo wake, maana ulikuwa ukituacha tuongee. Alikuwa akianza kunisimulia kitu, habari ya kazi au theluji au mwenye nyumba wake, halafu katikati ya habari anasimama na kusema, "Haya Baba, basi tutaongea." Anakata. Mimi nabaki na hedifoni masikioni nikisikiliza mtambo ukivuma. Mara ya kwanza nilifikiri ameitwa kazini. Lakini likawa jambo la kila mara. Habari zake zikawa fupi, kisha zikawa salamu tu. Nikaanza kumwambia Mama Jasbir kwamba kijana amebadilika, kwamba nchi za watu zimemfundisha haraka, na kwamba mtu asiyekuja kumzika mama yake hatakuwa na nafasi ya baba. Hilo la mwisho nilisema kwa sauti, barazani, mbele ya wateja.

Unaikumbuka Jumapili niliyokuambia umwambie sipo nyumbani.

"Uko hapo kwa kiti, Baba."

"Mwambie nimeenda."

"Siongopi Jumapili. Na hata leo ikiwa Jumatatu, siongopi kwa Kemoi." Ukavuta stuli, ukachomoa hedifoni ili sauti itoke nje, ukanipa maiki mkononi, ukaketi karibu yangu kama askari. "Ongeeni. Nataka kusikia hii network."

Kemoi akaanza kusimulia kwamba ameteleza kwenye barafu akaumia kifundo cha mkono. Nilikuwa nasikiliza kwa makini, nakuapia. Alikuwa akisema nami nasema, "Haya... haya." Akafika mahali pa kusema daktari alimwambia nini, akanyamaza ili avute pumzi. Halafu tukasikia sauti yake ndogo: "Haya Baba. Pole kwa kukuchosha. Tutaongea."

Ulininyang'anya maiki hata ukaniumiza kidole. "Kemoi, usikate! Usikate! Hiyo haya si ya kwaheri! Ni ile ya jikoni!"

Kimya. Neno lako lilikuwa linapanda kwenda satelaiti. Nilikuwa nakushangaa tu. Ndipo Kemoi akauliza, "Nini?"

"Baba anasema haya kama ile ya 'endelea'. Inakufikia ukiwa umenyamaza. Wewe unafikiri anakufukuza."

Kimya tena, kirefu kuliko cha satelaiti. Kisha kaka yako akasema maneno ambayo sitayasahau. "Mimi nilijua hataki kunisikia. Tangu Mama aende. Nikianza tu kitu, ananiambia haya."

Chelangat, neno dogo kama hilo. Nimelisema maisha yangu yote bila kulitazama. Huko juu Olenguruone nilikokulia, mtu akikusimulia humwachi peke yake ndani ya habari yake. Unamsindikiza. Unasema haya, unasema ee, ajue uko naye. Anayesikiliza kimya amelala, ama amekasirika. Mama yako alikuwa akisimulia huku anapika, na mimi nimempa mgongo nikikata kitambaa, na nikisahau kusema haya mara moja tu, ganda la njegere linanipiga shingoni. "Umelala?" Hata hospitalini, alipokuwa hawezi kusimulia marefu, nilimwambia haya zote alizokuwa anadai. Alipoenda, nilikuwa na hizo haya na sina wa kumpa, basi nikampa Kemoi kwa wingi. Zilikuwa ndizo kitu kizuri nilichokuwa nacho. Njia ikazichelewesha kidogo tu, zikamfikia mahali pa kimya, zikawa mlango unaofungwa.

Nimefikiri sana juu ya hilo nikiwa kwenye cherehani. Yale majuma ya waya na dirisha hayakupotea bure. Kama tusingesafisha sauti, tungeendelea kulaumu vipande vipande, na tusingeona kilichokuwa kimejificha nyuma yake. Ilikuwa imeharibika mara mbili, na ubovu mmoja ulikuwa umesimama mbele ya mwingine. Lakini nimejiuliza pia kwa nini sikumwuliza Kemoi mwenyewe. Kwa modemu nilikuwa na subira. Niliizungusha, nikaipangusa vumbi, nikaijaribu kwa kila dirisha. Mtoto wangu nilimjaribu mara chache nikasema ameharibika.

Sikuambii uwe hivi au vile. Nakueleza tu jinsi mimi nilivyo, kwa sababu sasa utakuwa upande ule wa waya. Mimi ni mtu wa kufikiri vibaya haraka nikiumia, na kunyamaza nikifikiri vibaya. Mama yako alikuwa ananigundua kwa namna ninavyonywa chai. Ukiwa India hutaniona nikinywa chai.

Baada ya Jumapili ile tulijifunza kuongea upya, na ilikuwa kama watu wazima wanaofundishwa kutembea. Nikaziba mdomo ili nimwache amalize. Kemoi akaniita, "Baba, uko?" Nikasema niko. Akaendelea, nikaziba. "Baba, umepotea?" Mpaka wewe ukatupa ile sheria ya anayemaliza aseme "zamu yako," na tukacheka kwa sababu tulikuwa kama watoto wanaoruka kamba. Lakini inafanya kazi. Umetuacha na kitu kinachofanya kazi.

Sasa nifike kwenye jibu lako. Leo mchana, ulipokwenda mjini na shangazi yako kutafuta viatu, nilifungua mashine peke yangu. Sikukuambia uliporudi. Nilitaka kujua kwanza mimi mwenyewe.

Nilimpata Kemoi akiamka. Sauti ikaja vipande, mbaya kabisa, kama siku ile ya kwanza. Mkono wangu ulitaka kuzima kila kitu, nikaukataza. Nikaangalia picha: imezimwa. Nikaangalia mlango wako: hakuna waya. Nikaenda jikoni, na hapo dirishani shangazi yako alikuwa ameegemeza lile sinia kubwa la bati, la wageni wa kesho, mbele ya modemu, limeifunika kama ngao. Nililitoa, nikaliweka sakafuni, nikarudi. Kemoi alikuwa anasema, safi kabisa, "Baba? Baba, sasa nakupata." Niligeuka nikuambie. Hukuwepo, nikafurahi hivyo hivyo.

Tuliongea habari ya safari yako. Halafu nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza. Siku ya mazishi nilimpigia simu ya mkononi, na wakati wa nyimbo nikaiinua juu ili asikie. Uliniona. Nilinyoosha mkono mpaka ukaingia ganzi, na nilipoishusha ilikuwa imekatika, sijui ilikatika lini. Nikamwuliza, siku ile ulisikia nini?

Akaniambia alisikia upepo. Upepo mwingi wa milima yetu ya Mau, alisema, na watu wakiimba mbali, na mtu karibu na simu akikohoa. Akasema alijua ni mimi, kwa kikohozi. Halafu ikakatika, naye akabaki ameishikilia sikioni ndani ya choo cha kazini, mpaka mtu akagonga mlango.

Alipofika hapo akanyamaza. Hakusema zamu yako.

Nilingoja kile kipindi cha satelaiti. Kikapita. Nikaangalia zile taa ndogo za waya nyuma ya kompyuta, zote zilikuwa zinawaka sawasawa. Mwaka huu wote ningejua la kufanya: ningesema njia imekatika, ama ningesema hana nafasi na mimi. Nikamwuliza.

"Kemoi, ni network, ama ni wewe?"

Neno likapanda, likashuka.

"Ni mimi, Baba."

Nikamwambia sina haraka. Nikavuta kiti. Alilia huko kwake asubuhi na mimi huku mchana, hakuna aliyesema kitu, na njia haikukatika hata kidogo.

Kwa hiyo usiahirishe, mwanangu. Nenda. Wewe ndiwe uliyetuokoa, mimi na kaka yako, na najua umeogopa kwamba ukitoka hapa katikati tutaachana tena. Hatutaachana. Na wewe pia sitakuacha upotee kwenye kuchelewa kwa sauti. Ukinipigia kutoka huko na ukanyamaza katikati ya habari, sitakaa nikifikiri. Nitakuuliza kama nilivyomwuliza yeye. Ikiwa ni network, niambie, nitaenda kuangalia dirishani. Ikiwa ni wewe, sema ni wewe, nami nitavuta kiti.

Na mimi nikinyamaza, usiniogope. Niulize.

Baba yako